Odoo 17: tumeongeza workers, sasa meseji hazifiki na linki za ankara zinafunguka 127.0.0.1

karani_data

Wakuu habari za kazi, naombeni msaada maana hapa kila mtu akikwama anakuja mezani kwangu. Tunatumia Odoo 17 Community (programu ya kuendesha biashara, toleo la bure) kwa mauzo, stoo na uhasibu, iko kwenye seva yetu ya Ubuntu na mbele yake kuna Nginx (proksi, yaani programu inayopokea maombi ya watu na kuyapeleka kwa Odoo) inayoshika https. Aliyeifunga alishaondoka na hakuacha maelezo yoyote, nimekabidhiwa paswedi tu nikaambiwa haya endelea. Seva ina CPU 2 na RAM ya GB 8, watumiaji wanaoingia kwa wakati mmoja ni kama 20.

Zamani ilikuwa workers = 0 (workers ni prosesi za Odoo zinazohudumia watu, 0 maana yake prosesi moja tu) na ilikuwa inaenda ila watu wakiwa wengi inakuwa nzito, ukurasa unazunguka tu, mwisho ikaamuliwa iwekwe workers = 4. Uzito umepungua kweli sikatai, ila sasa meseji za Discuss (sehemu ya kuchati ndani ya Odoo) hazifiki mpaka mtu arifreshi ukurasa, na ripoti ya thamani ya stoo ya mwisho wa mwezi inakata ikifika dakika moja inaleta kosa la 504 (muda wa kusubiri umeisha). Halafu kuna hili la tatu ambalo sijui lilianza lini, mteja akitumiwa ankara kwa imeli akibonyeza linki inampeleka http://127.0.0.1:8069 ambayo ni anwani ya ndani ya seva, kwake haifunguki kabisa, wateja wanadhani ni utapeli wanapiga simu.

Kwenye logi hii inajirudia mno:

`RuntimeError: Couldn't bind the websocket. Is the connection opened on the evented port (8072)?`

Na kipande cha Nginx nilichokikuta ni hiki:

```
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8069;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
    proxy_set_header Connection "upgrade";
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}
```

Kwenye odoo.conf (faili la setingi za Odoo) proxy_mode = True, ile ya kuiambia Odoo kuwa iko nyuma ya proksi, ipo tayari, nimeiona kwa macho yangu, ndiyo maana nashindwa kuelewa hizo linki. Seva nimeshaizima na kuiwasha, hali ni ileile.

---

kijana_msimbo

Mkuu rudisha workers = 0 maisha yaendelee, mimi ndo ninavyotumia na sijawahi kuona hilo kosa. Ikigoma tena chukua bekapu, futa yote, funga upya kwenye seva safi.

---

fundi_proksi

Hapana ndugu yangu usimpeleke huko. Ukirudisha 0 kosa la logi litapotea ni kweli, lakini watu 20 watabaki wanagombania prosesi moja ya Python na uzito unarudi palepale. Na kufunga upya hakusaidii chochote kama faili la Nginx litakopiwa lilivyo, maana shida hizo zimekaa humo humo.

karani_data, logi yako imeshakupa jibu, isome tena taratibu. Odoo ikiwa workers = 0 kila kitu kinapita poti 8069, kurasa za kawaida na websocket (muunganiko unaobaki wazi ili meseji zifike papo hapo) pia, ndiyo maana zamani meseji zilikuwa zinafika. Ukishaweka workers kuanzia 1 kwenda juu inabadilika, inawasha prosesi nyingine ya pembeni inayosikiliza poti 8072, na hiyo ndiyo inayobeba websocket. Nginx yako haina habari hiyo, bado inasukuma kila kitu 8069, sasa maombi ya websocket yanaangukia kwa prosesi ambayo haiwezi kuyashika ndo unapata hiyo RuntimeError. Kwa hiyo ongeza kipande hiki juu ya kile cha kwanza:

```
location /websocket {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8072;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
    proxy_set_header Connection "upgrade";
    proxy_set_header X-Forwarded-Host $http_host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
}
```

Angalizo moja, huko mtandaoni utakuta maelekezo mengi yameandika /longpolling badala ya /websocket, hayo ni ya Odoo 15 kurudi nyuma. Kuanzia 16 njia ni /websocket, na hata ile setingi ya longpolling_port ikaitwa gevent_port. Ukikopi ya zamani Nginx haitalalamika hata kidogo, itapita tu na meseji zitaendelea kutofika, utahangaika siku nzima bila kuona kosa lolote jipya.

Sasa linki. Angalia vizuri kipande chako cha location / utaona kuna heda (taarifa fupi zinazoambatana na ombi) za X-Forwarded-For na X-Forwarded-Proto, ila X-Forwarded-Host haipo. Hapa ndipo wengi wanapokwama: Odoo hata kama umeandika proxy_mode = True, haizisomi hizo heda za proksi mpaka ikute X-Forwarded-Host kwenye ombi lenyewe. Isipoiona inakaa kimya na kujifanya hakuna proksi, haiandiki onyo wala nini. Na kwa kuwa hujapitisha Host pia, Nginx inajaza yenyewe ile anwani ya kwenye proxy_pass, yaani 127.0.0.1:8069. Odoo ikiulizwa anwani yako ni ipi inajibu kile ilichoambiwa.

Kinachofanya kosa lifike kwa mteja ni kwamba kila mtu mwenye haki za msimamizi akiingia, Odoo inachukua anwani aliyoingilia inaiandika kwenye kigezo kinachoitwa web.base.url, na linki za imeli zinajengwa kutoka hapo. Kwa hiyo hata ukienda kurekebisha kwa mkono, msimamizi akiingia kesho asubuhi inarudi 127.0.0.1. Fanya kwa mpangilio huu: kwanza ongeza `proxy_set_header X-Forwarded-Host $http_host;` kwenye location /, halafu `sudo nginx -t`, ikisema iko sawa `sudo systemctl reload nginx`. Kisha toka, ingia upya kama msimamizi kwa kupitia domeni yenu ya https, washa hali ya msanidi, nenda Settings, Technical, System Parameters uitafute web.base.url. Ukiona imejirekebisha ongeza kigezo kipya web.base.url.freeze chenye thamani True ili isibadilike tena mtu akiingilia anwani ya ndani. Ukiweka freeze kabla hujarekebisha heda utakuwa umelifunga kosa lisitoke.

Usibadilishe vyote kwa mpigo. Malizana na websocket, hakikisha, ndo uje kwenye linki.

---

bi_mizania

Mimi niko upande wa hesabu siyo wa seva ila hiyo 504 tumeishi nayo kwa muda kwa hiyo naongezea. Hilo kosa linatoka Nginx, halitoki Odoo. Nginx isipopata jibu ndani ya sekunde 60 inakata, hicho ndicho kiwango chake kama hakuna aliyekibadilisha, wakati huohuo Odoo huko nyuma bado inakokotoa. Mtu wa stoo anaona 504 anabonyeza tena, inakata, anabonyeza tena, hapo tayari kuna kazi tatu nzito zinakula CPU 2 na workers zimebaki chache kwa wengine wote. Waambieni watu kabisa, 504 ikitokea usibonyeze tena.

Na kama kilichobonyezwa ni kitu kinachoandika, mfano kuthibitisha hesabu ya stoo au kuposti ankara nyingi kwa pamoja, 504 haimaanishi imeshindikana. Inaweza kuwa imekamilika dakika moja baadaye bila wewe kuona. Fungua orodha uangalie kabla hujarudia. Ikikatwa katikati na Odoo yenyewe nusu ya kazi haibaki kwenye hesabu, PostgreSQL inarudisha nyuma yote yaliyokuwa hayajathibitishwa, hilo halinitishi. Kinachonitisha ni vitu vilivyoshatoka nje ya mfumo kama imeli kwa wateja, hizo hazirudi.

---

fundi_proksi

Umesema kweli dada. Kwa hiyo kwenye Nginx ongeza `proxy_read_timeout 720s;`, ila hiyo peke yake haitoshi kwa sababu Odoo nayo ina mipaka yake, limit_time_cpu kiwango chake cha kawaida ni sekunde 60 na limit_time_real ni 120. Ya kwanza inahesabu muda ambao prosesi imetumia CPU kweli, ya pili inahesabu muda wa saa ya ukutani hata kama prosesi imekaa inasubiri database. Ukikuta kwenye logi `CPU time limit (60) reached` ujue ni ya kwanza, ukikuta `timeout after 120s` ni ya pili. Weka 600 na 1200.

Usiziweke kubwa kupita kiasi lakini. Hiyo mipaka ipo ili ripoti moja iliyokwama isiwaharibie wengine siku.

Na kwa CPU 2 hesabu ya juu inayotumika ni CPU mara mbili ujumlishe moja, yaani 5, na prosesi za kazi za ratiba zinahesabiwa humohumo. Wewe una workers 4, na max_cron_threads (idadi ya hizo za ratiba) isipoguswa ni 2, jumla 6. Hiyo max_cron_threads ishushe iwe 1. Kwa watu 20 workers 4 zinatosha, makadirio ya kawaida ni worker mmoja kwa watu 6 wanaofanya kazi kwa pamoja. RAM ya GB 8 isikupe mawazo, ipo ya kutosha.

---

karani_data

Wakuu Mungu awabariki. Websocket imekubali, nimeweka kile kipande, naona /websocket imerudisha 101 (yaani muunganiko umekubaliwa) na meseji zinaingia zenyewe. RuntimeError haijaonekana tena kwenye logi. Linki nazo zimekaa sawa, web.base.url sasa inaonyesha domeni yetu na https, freeze nimeweka baada ya hapo kama ulivyosema.

Ila yametokea mawili. Kwanza limit nimebadilisha kwenye /etc/odoo/odoo.conf nikawasha upya lakini ripoti bado inakufa na logi inasema hivi:

`Worker (2417) CPU time limit (60) reached.`

60 inatoka wapi wakati faili linasema 600? Pili na hii ndo imenichanganya zaidi, tangu linki zirekebishwe PDF za ankara zinatoka mbovu, hakuna logo, hakuna mistari ya jedwali, maandishi yamejipanga kushoto tu kama barua. Jana zilikuwa nzuri kabisa.

---

mzee_wa_logi

Ngoja nikusaidie hapo. Hiyo 60 ama kuna mahali imeandikwa, ama ni kile kiwango cha kawaida kwa kuwa Odoo haisomi faili unalohariri. Andika `systemctl cat odoo` uangalie mstari wa ExecStart. Unatafuta vitu viwili, faili gani linatajwa baada ya -c, maana kuna usakinishaji unasoma /etc/odoo-server.conf na wewe unahariri jingine, na kama kuna chaguo zimeandikwa palepale kwenye mstari wa amri. Kilichoandikwa kwenye amri kinalishinda faili siku zote, hata uandike 600 mara ngapi.

PDF sasa. Hili siyo kosa jipya mkuu, lilikuwepo ila lile la kwanza lilikuwa limelifunika. Odoo haichori PDF yenyewe, inatengeneza HTML inaipa programu ya wkhtmltopdf, na hiyo inafungua anwani ya Odoo kama brauza inavyofanya ili ivute CSS na picha. Anwani inayotumia ni report.url kama ipo, isipokuwepo inatumia web.base.url. Ulipokuwa na 127.0.0.1:8069 ilikuwa inajifikia yenyewe bila shida, wateja ndo walikuwa wanaumia. Sasa web.base.url ni domeni ya nje, na inaonekana seva yako haiwezi kujifikia kwa domeni hiyo ikiwa ndani, mara nyingi ni ruta isiyorudisha trafiki ya ndani au DNS. Jaribu ukiwa kwenye seva yenyewe `curl -I https://domeni-yenu/web/login`, ikining'inia au ikikataa basi ni hiyo.

Dawa: System Parameters, ongeza report.url yenye thamani http://127.0.0.1:8069. web.base.url usiiguse, iache ya wateja.

Kabla hujafanya hivyo angalia dbfilter kwenye odoo.conf. Kama imeandikwa kwa %d au %h inachagua database kwa kuangalia jina la domeni, na ukiingia kwa 127.0.0.1 hiyo %d inageuka kuwa "127", hakuna database inayoitwa hivyo kwa hiyo CSS hazitapatikana na PDF zitabaki mbovu vilevile. Ukikuta hivyo achana na report.url, ongeza domeni yenu kwenye /etc/hosts ya seva ielekee 127.0.0.1, Nginx itapokea na kupeleka inavyotakiwa.

Kitu kingine ukimaliza hapo, kama PDF zina mwili mzuri ila kichwa na mguu wa ukurasa havitoki, hilo ni toleo la wkhtmltopdf. Ile inayokuja na hazina ya Ubuntu kwa apt haina Qt iliyorekebishwa na haiwezi kuchora vichwa na miguu ya ukurasa. `wkhtmltopdf --version` inatakiwa ioneshe 0.12.6 na maneno `with patched qt`.

---

kijana_msimbo

Hii ya kwamba web.base.url mbaya ndo ilikuwa inazifanya PDF zitoke nzuri sikuwahi kuiwaza. Mzee swali, kwa sisi wa workers = 0 hiyo X-Forwarded-Host inatuhusu au ni ya wenye workers tu?

---

mzee_wa_logi

Inakuhusu kijana. Heda ni suala la proksi, workers haina uhusiano nayo. Ukiwa na Nginx, Apache au proksi yoyote mbele na proxy_mode imewashwa, hakikisha heda hiyo inapita. Dalili nyingine ya kukosekana kwake ni linki za kubadili paswedi kutoka na http wakati mnatumia https, au logi kuonyesha kila mtu anaingia kutoka 127.0.0.1. Hiyo ya pili angalia sasa hivi kwenye logi yako, ni mistari ya werkzeug, ukiona IP moja tu kwa watumiaji wote basi Odoo haisomi heda.

---

karani_data

Mzee umepatia. ExecStart ilikuwa na `--limit-time-cpu=60` na `--limit-time-real=120` zimeandikwa kwenye amri kabisa, yaani ningehariri lile faili mpaka kesho. Nimetumia `systemctl edit odoo` nikaandika ExecStart upya bila hizo, kwanza ilikataa kuwaka ikabidi nitangulize mstari wa `ExecStart=` mtupu ndo ikakubali. Ripoti ya stoo imetoka yote, imechukua kama dakika tatu, hakuna 504. max_cron_threads nimeweka 1.

dbfilter yetu ni jina la database moja kwa moja hakuna %d, kwa hiyo nimeweka report.url na PDF zimerudi na logo na jedwali. Toleo ni 0.12.6 with patched qt.

Swali la mwisho, wale wateja ambao walishatumiwa imeli zenye linki mbovu, zile zitajirekebisha?

---

bi_mizania

Hazitajirekebisha dada, linki imeshaandikwa ndani ya imeli na imeli iko kwa mteja. Chuja ankara zilizotumwa ambazo bado hazijalipwa, watumie upya, zilizolipwa usihangaike nazo. Andikeni sentensi moja juu kwamba linki ya awali ilikuwa na hitilafu, maana mteja akipata ankara ileile mara mbili bila maelezo kuna wengine wanalipa mara mbili na kuja kurudisha hela ni kazi nyingine.

---

fundi_proksi

Moja tu kabla hujafunga uzi. Sasa hivi Odoo inaziamini heda za proksi, kwa hiyo mtu asiweze kuifikia bila kupitia Nginx, la sivyo anaweza kujitungia heda zake. Andika `ss -ltnp | grep -E '8069|8072'`, ukiona 0.0.0.0 poti hizo zinasikiliza kila upande. Weka `http_interface = 127.0.0.1` kwenye odoo.conf, inashika zote mbili, na kwa kuwa report.url yako ni 127.0.0.1 PDF hazitaguswa. Weka na `list_db = False` ili ukurasa wa kusimamia database usionekane kwa watu wa nje.

---

karani_data

Kweli ilikuwa 0.0.0.0 zote. Nimebadilisha nikawasha upya, `ss` inaonyesha 127.0.0.1 tu kwa 8069 na 8072, meseji zinaingia, PDF nzuri, na ukurasa wa database umefungwa. Nimeandika mabadiliko yote kwenye faili moja nikaliweka pamoja na bekapu ya odoo.conf na ya Nginx, atakayekuja baada yangu atayakuta. Kesho naanza kutuma ankara upya kama alivyosema bi_mizania.